Maumee kwa Miguu

Kwetu Mwanza, anayevua samaki akiwa amesimama ukingoni mwa maji ni mtoto aliyetoroka shule. Mtu mzima ana mtumbwi wake, au ni kibarua katika mtumbwi wa tajiri, au anavuta kokoro huku jicho moja likimtafuta afisa uvuvi. Kwa hiyo shemeji yangu, mzaliwa wa Kigoma anayeishi Columbus katika jimbo la Ohio, aliponiambia kwamba Jumamosi tutaendesha gari zaidi ya kilomita 200 kwenda kuvua kwa miguu, nilijua ananitania. Sisi wa Mwanza na wao wa Kigoma tukianza ubishi wa samaki hakuna anayelala.

Hakuwa akinitania. Ijumaa jioni tulikata leseni yangu ya siku moja kwa simu: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, malipo kwa kadi, kwisha. Hakuna foleni wala "njoo kesho". Kisha akanitolea suruali ya mpira inayopanda hadi kifuani, ina kanda za mabegani na buti zimeungwa humo humo. Nikaivaa sebuleni, na dada yangu alicheka mpaka akajishikiza mlangoni.

Tuliondoka saa tisa usiku kwa Barabara ya 23, tukielekea kaskazini. Ukishaipita Marion nchi inalala chali: mashamba ya mahindi na soya yasiyo na kilima, na ghala moja moja la nafaka linalotokeza kwenye mwanga wa taa za gari. Kwenye kiti cha nyuma fimbo za kuvulia zilikuwa zikigongana, na shemeji akawa ananipa somo.

Samaki tunayemfuata ni wolai, ambaye wataalamu humwita Sander vitreus. Makazi yake ni Ziwa Erie, lenye kina kifupi kuliko yote katika yale maziwa makubwa matano ya huko. Barafu ikishayeyuka, kuanzia mwezi Machi, wolai hupanda Mto Maumee kwa makundi makubwa kutafuta sehemu zenye changarawe na maji yanayokwenda mbio. Maji yakifika nyuzi 6 hadi 11 za Selsiasi, kazi ya kuzaa inaanza. Madume hutangulia na kungoja. Majike huja na matumbo yao, na jike mkubwa huweza kubeba mayai laki kadhaa. Huyamwaga usiku juu ya mawe, madume wakayarutubisha, kisha mama anateremka zake ziwani. Nilishangaa kidogo. Sato wetu huyabeba mayai kinywani na kuwalinda watoto mpaka wajue kuogelea, lakini huyu anauachia mto ulezi wote.

"Sasa mtumbwi wa nini," shemeji akamalizia, "ikiwa samaki mwenyewe ndiye anayekufuata kwenye maji ya magotini?"

Tulifika mji mdogo wa Maumee, jirani na Toledo, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilitarajia kukuta giza na sisi wawili, lakini maegesho yalikuwa yanakaribia kujaa, na namba za magari ni za Michigan, Indiana, Pennsylvania. Watu walikuwa wakinywa kahawa kwenye vifuniko vya chupa za chai, wengine wakivaa suruali zao wakiwa wameegemea magari. Baridi ile siwezi kuieleza kwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Niseme tu kwamba masikio yaliniuma kwanza, kisha nikaacha kuyasikia kabisa.

Kilichonishangaza kuliko baridi ni kwamba hakuna aliyevua. Mto uko pale, samaki wanasikika wakichapa maji kwenye kina kifupi, na watu wazima kwa mamia wamesimama na fimbo zao wakitazama saa. Sheria ya jimbo ni kwamba katika msimu huo, tangu tarehe mosi Machi hadi mosi Mei, kwenye sehemu ile ya mto huvui kabla jua halijachomoza wala baada ya kuzama. Nilimuuliza shemeji nani anayewalinda gizani. Akanionyesha kwa kidevu: wao wenyewe. Saa moja kasoro dakika kumi nikasikia mlio wa kwanza wa mshipi ukikatiza hewani, halafu wa pili, halafu mto mzima.

Shemeji alinifunga mkanda kiunoni kwa nguvu, juu ya ile suruali, akaniambia kwamba mtu akianguka bila mkanda maji huingia kifuani na kujaa miguuni, na hapo kuogelea hakusaidii. Watu wamekufa hapo. Tukaingia polepole, tukipapasa mawe kwa nyayo, hadi maji yakanifika juu ya magoti. Mpira unazuia maji, hauzuii baridi. Ulinibana miguu pande zote na baridi ikapanda mpaka mapajani.

Tulijipanga kwenye mstari wa watu uliokuwa ukifuata mto hadi nisipoweza kuuona mwisho wake, kati ya mtu na mtu urefu wa mikono miwili hivi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uvuvi huu una adabu zake. Unatupa mshipi kidogo juu ya mkondo, unauacha uteremke ukipita mbele yako, ukifika upande wa chini unaukunja na kutupa tena, na jirani zako wanafanya hivyo hivyo kwa wakati huo huo. Ni wanawake watatu kwenye kinu kimoja: anayepoteza mdundo anawaumiza wenzake. Mimi nilipochelewa, mishipi mitatu ilisukwa pamoja, na mzee wa Kimarekani kushoto kwangu akaifungua kwa vidole vilivyokakamaa bila kulalamika, akaniambia tu nimtazame yeye akitupa.

Chombo chenyewe ni rahisi. Kwenye mshipi kuna kipande cha risasi chenye tundu katikati, chini yake ushanga, halafu kiungio kinachozunguka, halafu mshipi mwembamba wa sentimita 60 hivi, na mwisho ndoano moja. Ndoano hiyo ina kichwa chepesi kinachoelea na mkia wa plastiki laini unaochezacheza, wa manjano, wa kijani, wa waridi. Kila mtu ana imani yake. Risasi inaburuzika chini, na ndoano inaelea juu ya mawe kidogo, pale pale wolai anapotulia akiuelekea mkondo. Mkononi unasikia tik, tik, tik, risasi ikiruka jiwe hadi jiwe. Ile tik ikikatika, nyanyua. Aghalabu ni jiwe. Risasi zangu nyingi ziko chini ya Maumee hadi leo.

Mara ikakatika, nikanyanyua, na jiwe likaanza kuondoka.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Majirani hawakuhitaji mkalimani. Walikunja mishipi yao mara moja kunipa nafasi, na yule mzee akaja na wavu wake wa mkono. Samaki alivuta kuelekea chini ya mto kwa uzito ambao sikuutegemea kwa maji yale mafupi, nikamfuata hatua mbili, tatu, shemeji akinishika mkanda kwa nyuma. Alipoingia wavuni nilimwona ni jike mkubwa, sentimita 60 na ushei, tumbo limejaa. Nikaanza kuwaza simu ya kupiga Mwanza.

Mzee hakunipongeza. Alinionyesha kwa kidole: ndoano ilikuwa imemshika mgongoni, chini ya pezi. Akaichomoa taratibu, akamshikilia kichwa kikiwa kimeelekea mkondo mpaka alipopata pumzi, akamwachia. Mimi nimesimama, mikono bado imekaa mkao wa kumbeba.

"Huyo hakukubali chambo," shemeji alinifafanulia. "Ulimteka nyara."

Ndiyo sheria. Samaki asiyenaswa ndani ya kinywa anarudi majini, hata awe mkubwa kiasi gani. Ndoano iwe moja tu, na upana wake toka shina hadi ncha usizidi nusu inchi, ili mtu asipate hila ya kuwakwangua samaki waliosongamana. Aliye chini ya sentimita 38 anarudi pia, na mwisho wa siku kila mtu ana samaki sita, basi. Kwa dakika kadhaa nilikuwa na hasira ya kweli. Baadaye nikawatazama watu mkono wa kulia na wa kushoto wakiwarudisha samaki wanene kwa namna ile ile, wengine wakitukana kwa sauti ya chini, lakini wakiwarudisha.

Nikamkumbuka ningu. Wazee wa kwetu bado wanasimulia jinsi ningu walivyokuwa wakitoka Ziwa Victoria na kupanda mito kila mvua zinapoanza, matumbo yamejaa mayai. Nyavu zikategwa kwenye midomo ya mito, zikawachukua kabla hawajafika mazalio, na leo kumpata ningu mnadani ni habari. Tulikuwa na Maumee zetu, tena zaidi ya moja. Wala nisiwapambe Wamarekani kupita kiasi. Mwaka 1970 uvuvi wa biashara wa wolai ulisimamishwa kwenye ziwa lao baada ya zebaki ya viwandani kukutwa ndani ya samaki, na ndugu wa damu wa wolai, yule wa rangi ya buluu aliyekuwa akivuliwa Erie kwa tani na tani, alitangazwa mwaka 1983 kuwa ametoweka duniani. Adabu yao hii wameipata kwa fimbo.

Kufikia adhuhuri vidole vyangu vya miguu havikuwa vyangu tena. Shemeji akanitoa mtoni, tukavuka daraja hadi upande wa Perrysburg, chini ya kilima chenye Fort Meigs, ngome ya magogo iliyojengwa mwaka 1813 wakati wa vita na Waingereza. Pale nikakuta uvuvi ninaoujua: wazee wamekalia ndoo zilizopinduliwa, mama na watoto wake wawili, kijana mwenye koti la mvua, na wote wako nchi kavu. Nilidhani ni wale walioshindwa kuingia. Kumbe mvua ya majuzi ilikuwa imeupandisha mto kidogo, na mkondo wa katikati ukiwa mkali wolai hujibanza kandokando kupumzika. Wanaokimbilia katikati na suruali zao za mpira huwapita miguuni.

Mzee mmoja alinisogezea ndoo. Hakuna aliyetupa mbali, mita tano au sita tu, na risasi zao ni nyepesi. Shati langu lilianza kukauka, jua likatoka, na tik, tik, tik ikarudi mkononi. Safari hii ilipokatika niliusikia mtikisiko mfupi, kisha mvuto wa kichwa kinachokataa.

Alikuwa dume, sentimita 45 hivi, ndoano imekaa vizuri pembeni mwa taya. Nilimshika kwa mikono miwili nikamkagua kwa raha zangu. Mbavu za rangi ya zeituni zenye vumbi la dhahabu, pezi la mgongoni lina miiba iliyonichoma mara moja nikatia akili, ncha ya chini ya mkia nyeupe kabisa. Maji meupe ya uzazi yalinidondokea kiganjani. Jicho ndilo lililonikamata zaidi. Ni kubwa, lina ukungu wa fedha, na ukiligeuza kwenye mwanga linawaka. Nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga, na kwa sababu hiyo anaona kwenye tope na gizani ambako samaki wadogo anaowawinda hawaoni kitu.

Ofisa wa wanyamapori akapita akikagua mitungo ya watu. Alisoma leseni yangu kwenye simu, akampima dume langu kwa rula, akanitakia siku njema.

Jioni watu walikuwa wakipasua samaki nyuma ya magari. Kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinateleza juu ya uti hadi mkiani, ngozi inabanduliwa kwa mkupuo mmoja, na minofu miwili safi inaanguka kwenye mfuko. Kilichobaki, kichwa, mifupa, mapezi, kinatupwa! Mwanza minofu ya sangara hupanda ndege na wananchi hununua mapanki. Hapa mapanki yanakwenda jalalani na hakuna anayegeuka. Nilimwomba mzee wa ndoo vichwa vyake. Alinitazama, akamtazama shemeji, akanipa vyote, kisha akaita wenzake nao wakaleta vyao.

Dada alivipika kwa nyanya, ndimu na pilipili, tukala na ugali. Minofu tuliikaanga siku iliyofuata kwa unga mkavu, namna wanavyofanya wenyeji, na hapo nawapa haki yao: nyama nyeupe, tamu, haina shombo hata kidogo. Kwa mchuzi, kichwa cha sangara bado kinashinda.

Msimu hukolea Aprili, na Mei wolai wengi wamesharudi ziwani. Mwenye ndugu Columbus, Toledo au Detroit ampigie mapema amtafutie suruali ya mpira ya saizi yake, au asijisumbue nayo, aazime ndoo. Leseni ukate mwenyewe. Vichwa usinunue, waombe tu wavuvi wa jirani.