CHUPA YANGU YA KUMI NA MBILI

Hivi umewahi kulala juu ya mali huku ndani hamna hata sukari ya chai? Mimi nimelala hivyo karibu mwaka mzima hapa Kyela. Chini ya kitanda changu kulikuwa na chupa kumi na mbili za mvinyo, na masharti yalikuwa moja tu: usiguse! Wee acha tu.

Kisa kilianza na binamu yangu anayesoma Uingereza. Alipokuja likizo kila mtu alitegemea viatu. Mimi akanipa kipakiti cha hamira ya mvinyo, gramu tano, na karatasi ya maelekezo! Nikabaki mdomo wazi. Akanieleza kwamba kule mtu hana haja ya shamba la mizabibu. Ananunua boksi dukani, ndani mna maji ya zabibu yaliyokolezwa, hamira na dawa za kusafishia, anakorogea jikoni kwake kwenye ndoo. Yeye alikuwa ametengeneza mvinyo wa aina ya port, ule mtamu mzito wa Wareno.

Port yenyewe inatoka bonde la mto Douro kule Ureno. Mvinyo ukiwa bado unachemka wenyewe, utamu haujaisha, wanaumwagia pombe kali. Hamira inakufa, sukari inabaki, na kilevi kinapanda hadi asilimia 20 hivi. Halafu wanauweka uzeeke. Ipo port inayokaa ndani ya mapipa miaka 10, ipo ya 20, ipo hata ya 40. Miaka 40 jamani! Mtu anatengeneza, anakuja kunywa mjukuu.

Sisi wa bondeni tuna mpunga, kakao na ndizi. Zabibu ni mambo ya Dodoma. Nikaona rosela itanifaa, ile nyekundu yenye ukali wa ndimu. Mwezi wa sita nikachemsha rosela kavu katika lita saba za maji, nikachuja, nikatia sukari kilo mbili kasoro robo. Ilipopoa nikanyunyiza hamira, nikafunika ndoo na kutoboa mfuniko kidogo, nikapitisha mpira mwembamba ulioishia kwenye chupa ya maji. Hapo hewa inatoka lakini nzi haingii. Usiku kucha unasikia blup, blup, kama mtu anakunywa uji gizani.

Siku ya nne nikaonja. Kilevi kimeingia, utamu bado upo. Nikatoa akiba yangu yote nikanunua chupa nne kubwa za Konyagi, za mililita 750 kila moja. Hesabu ni hii: mvinyo ukiwa na asilimia 10 na Konyagi ina 35, sehemu mbili za mvinyo kwa moja ya Konyagi zinakupa asilimia 18 na ushei. Lita sita nilizochuja, jumlisha tatu za Konyagi, nikapata lita tisa. Ndizo chupa kumi na mbili. Chupa zenyewe na vizibo nilivipata kwa rafiki anayefanya kazi kwenye nyumba ya wageni huko Matema, nikavichemsha vizuri.

Sasa karatasi ilisema chupa zikae penye nyuzi joto 12 hadi 15, mwaka mmojaYarab! Kyela hii, ambayo mwezi wa kumi na moja hata kuku anatembea mdomo wazi? Ikabidi niende Lyulilo siku ya Jumamosi, kwenye mnada wa vyungu vya akina mama wa Kikisi. Nikanunua mitungi miwili mikubwa, nikaifukia nusu kwenye sakafu ya udongo chini ya kitanda, nikapanga chupa sita sita ndani ya mchanga, na kila jioni naumwagia maji. Nyuzi 15 haikufika, lakini ukitia mkono unasikia ubaridi.

Mama alikuwa ananitazama tu. Mama yangu ni mpika pombe. Kimpumu chake cha ulezi ndicho kilichonilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne, kwa hiyo katika fani hii yeye ni profesa. Kimpumu kikiiva leo, leo kinanyweka, kesho kinaelekea kuchacha, keshokutwa hata mlevi sugu anakunja uso.

"Pombe ya kungoja mwaka?" akaniuliza huku anacheka. "Mwanangu, wateja si watakuwa wamekufa?"

Nikamwambia mama, haya ni mambo ya kitaalamu. Kumbe utaalamu wa kuchanganya ni kazi ndogo. Kazi ni kungoja.

Chupa ya kwanza niliifungua mwenyewe baada ya mwezi. Kiherehere! Ilinuka Konyagi tupu na ikanikwangua koo. Ya pili iliondoka na mjumbe, aliyekuja kwa sababu majirani walivumisha kwamba nakamua gongo. Gongo inapikwa kwa kuchemsha na kukusanya mvuke, na sheria imeipiga marufuku, mimi sina hata mtambo. Alichungulia ndoo, akachungulia mtungi, akaridhika. Chupa aliyoondoka nayo haikuwa rushwa, ilikuwa ukarimu wa Kinyakyusa. Ya tatu iliota mbawa mwezi wa kumi na moja, joto lilifyatua kizibo usiku nikadhani nimepigwa risasi.

Halafu shida zikajua ninapolala. Mwezi wa kumi na mbili tulipungukiwa fedha za kulimia mpunga, chupa tatu zikaenda. Mwezi wa pili mtoto wa dada akashikwa na malaria, mbili zikaenda kwa mwalimu mmoja, na fedha yake ikaishia kwenye dawa na nauli. Masika ya mwezi wa nne upepo ukang'oa mabati mawili, nikauza tatu nyingine. Kila nilipouza nilijiambia, zilizobaki nitazivumilia.

Mwezi wa tano nikaingiza mkono kwenye mtungi kuigusa ile moja iliyobaki. Mchanga mtupu! Nikamvaa mdogo wangu wa kiume. Nilimwita mwizi mbele ya wenzake, yeye akaapa kwa kila alichokijua, mimi nikaziba masikio. Akafungasha nguo zake akaenda kwa mjomba Ipinda, na kwa wiki tatu hatukusemezana.

Siku mwaka ulipotimia sikuwa hata na hamu ya kukumbuka. Jioni mama akaniita jikoni. Akainamia chungu chake cha kuhifadhia ulezi, akapekua mle ndani, akatoa chupa. Nikaishiwa nguvu.

"Mama, kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Ningekuachia wewe ungeiuza," akasema. "Nimepika pombe miaka zaidi ya ishirini, na sijawahi kuiona hata moja ikifika siku ya nne. Kila ikiiva, kuna ada, kuna dawa, kuna chumvi. Nilitaka na mimi nione pombe ikizeeka inafananaje."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile namtukana mdogo wangu. Akanyamaza kidogo, akajibu kwamba alikuwa sokoni, na aliporudi kijana ameshaondoka. Kisha akasema ukweli: "Niliogopa nikikuambia utaitaka."

Tulituma mtu Ipinda. Kijana alikuja kesho yake akiwa amenuna, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale wenzake. Ndipo tukafungua. Wekundu wa rosela ulikuwa umegeuka rangi ya tofali. Ile harufu ya Konyagi imetoweka, ukinywa unapata utamu wa zabibu kavu, na kooni unateremka taratibu kama asali yenye moto kidogo. Mdogo wangu aliomba aongezewe.

Mama alikunywa nusu kikombe, polepole, bila kusema neno. Kisha akauliza ile karatasi ya Mzungu iko wapi, na rosela siku hizi ni shilingi ngapi kilo.

Safari hii chungu cha kufichia anachagua yeye, na mimi sitaki kukijua.