Nani kamwita nani mchawi?

Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa. Si uvivu jamani. Kuna neno moja limenikaa kooni, na kila nikitaka kuandika jambo lingine linanirudia.

Ilianza hivi. Mhariri wangu alinipa kazi ya ukurasa wa kimataifa: maneno mia nne juu ya wanawake wa Marekani wanaojiita "witch" na kumwabudu Mungu wa kike. Nikaona kazi nyepesi. Nikaandika sentensi ya kwanza, nikakwama kwenye jina. Nimwite mchawi? Kwa Kiswahili mchawi ni mtu mbaya, basi. Anayetibu anaitwa mganga. Anayetazamia anaitwa mpiga ramli. Mchawi mwema hatuna. Lakini saa zilikuwa zinakwenda na ukurasa unasubiri, nikaandika mchawi. Huko mbele wakanikatia kichwa cha habari, neno likatoka kwa herufi kubwa.

Sasa nitawaambia yale ambayo maneno mia nne hayakutosha kuyasema.

Dini yao ni changa. Wicca ilijulikana kupitia Mwingereza Gerald Gardner, ofisa wa forodha mstaafu. Alitoa kitabu chake "Witchcraft Today" mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735. Kwa Gardner, Mungu wa kike na wa kiume walikwenda pamoja, kuhani wa kike na wa kiume vilevile. Ilipovuka bahari ikakutana na akina mama wa Marekani waliokuwa tayari wamechachamaa. Siku ya Halloween mwaka 1968, wanaharakati wa New York walivaa kofia ndefu nyeusi wakaenda kuulaani mtaa wa mabenki wa Wall Street. Kifupi cha jina la kundi lao kilisomeka WITCH. Hao hawakuwa na dini hiyo, ilikuwa siasa na maigizo. Ila walikuwa wameligeuza tusi likawa bango.

Aliyeligeuza likawa ibada ni Zsuzsanna Budapest, maarufu kama Z. Alizaliwa Hungaria mwaka 1940, akakimbia nchi yake baada ya mapinduzi ya mwaka 1956 kuzimwa. Mwaka 1971, huko Los Angeles, alianzisha kikundi cha ibada cha wanawake watupu, kikapewa jina la Susan B. Anthony, yule mpigania haki ya wanawake kupiga kura. Hakuna kuhani mwanamume, hakuna Mungu wa kiume. Hoja yao inaeleweka: kama tangu utotoni umeambiwa Mungu ni Baba, na anayesimama mbele ya waumini ni baba, utajifunza lini kwamba na wewe una kauli?

Mwaka 1975 alikamatwa. Aliyemtega alikuwa askari wa kike aliyevaa kiraia, akajifanya mteja anayetaka kusomewa karata za tarot. Z akapatikana na hatia ya kupiga ramli. Yeye alisisitiza kwamba hiyo ni dini yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, mahakama ya juu ya California iliamua katika kesi nyingine kwamba kupiga marufuku utabiri kama huo ni kuingilia uhuru wa kusema.

Nilikuwa nimeridhika kabisa na habari yangu mpaka mama aliponipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo neno umeliandika wewe?"

Nikaanza kumweleza habari za Marekani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi yako hakwenda Marekani, mwanangu."

Bibi mzaa mama aliishi kijijini, mkoa wa Shinyanga. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya kila mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Mtoto wa jirani alifariki, watu wakaanza kunong'ona. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya minong'ono kama hiyo. Mjomba alimtoa usiku, akamleta mjini kwetu. Kuku na shamba vikabaki. Aliishi nasi mpaka alipofariki, na sikumsikia hata mara moja akilitamka neno hilo. Mimi nimelitamka kwa herufi kubwa.

Na hata angetaka kujiita hivyo kwa majivuno, sheria isingemruhusu. Sheria ya uchawi iliyoletwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1928 ingali kwenye vitabu vyetu, na kujitangaza kwamba una nguvu za uchawi ni kosa. Kwao wameifuta ya kwao, yetu tunayo.

Sisemi kwamba akina Z wanacheza na maumivu ya watu. Wao pia wanawakumbuka waliouawa Ulaya. Ila hapo nina ugomvi nao kidogo kama mwandishi. Wengi wao walirudia kwa miaka kwamba wanawake milioni tisa walichomwa moto. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za mahakama wanakadiria watu kati ya 40,000 na 60,000, takriban robo tatu yao wanawake. Jamani, hao hawatoshi? Marehemu haongezewi idadi ndipo aonewe huruma.

Tena anayechukua jina hupata na mamlaka ya kuwafungia wengine mlango. Starhawk, aliyejifunza kwa Z na kwa walimu wengine, alitoa kitabu "The Spiral Dance" mwaka 1979, na mapokeo yake ya Reclaiming, yaliyoanzia San Francisco, yanapokea wanawake na wanaume. Upande wa Z, mlango ulibaki wa wanawake peke yao. Mwaka 2012, kwenye kongamano la wapagani la PantheaCon huko California, aliongoza ibada iliyokataza wanawake waliobadili jinsia. Watu wakakaa nje ya mlango kimya, kupinga. Waliokaa nje nao walikuwa wanasema: sisi ni nani, tutasema wenyewe.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Z alijiita mwenyewe, na alipokamatwa alikuwa na mahakama ya kusimama na kusema. Bibi aliitwa na wengine, akawa na usiku mmoja wa kukimbia. Neno ni moja, ila mdomo uliolitoa ni tofauti.

Nimemwambia mhariri kwamba nikiandika tena habari zao nitasema "waumini wa Wicca", na pale wanapojiita wenyewe nitaweka alama za kunukuu ili msomaji ajue ni kauli ya nani. Amesema ni ndefu mno, haitaingia kwenye kichwa cha habari.

Inawezekana. Wewe ungeandikaje?