Jiwe Halipigwi kwa Hasira

Wahenga walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mara nyingi mno, mimi na nyinyi, kisha tukipita barabarani tunamcheka mama anayevunja kokoto. Basi leo, ndugu msomaji, nipe dakika zako chache nikusimulie habari za jiwe. Ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama kazi ya jiwe ni kazi ya wajinga.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kwetu ni upande wa Elementaita, ambako kuna mawe meusi yaliyotemwa na volkano zamani za kale. Mawe hayo huitwa basalti. Mama yangu huyavunja kwa nyundo kando ya barabara na kuyauza kwa toroli. Karo yangu hutoka humo. Jumamosi huwa tunavunja wawili. Baadhi ya wenzangu wanajua, ndiyo maana nimepachikwa jina la "Kokoto". Hilo sina neno nalo. Lakini siku moja darasani, tulipokuwa tukisoma juu ya Zama za Mawe, mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe kuna watu kwao zama hizo hazijaisha!" Darasa zima likaangua kicheko. Sikujibu kitu. Nilitaka kwanza kujua: hao watu wa zama hizo, walikuwa wajinga kweli?

Jibu halikuwa mbali. Huko Kariandusi, karibu na mji wa Gilgil, kuna mashoka ya mkono yaliyochongwa yapata miaka milioni moja iliyopita. Yana umbo la tone la maji na yamechongwa pande zote mbili. Mengine ni ya lava ya kawaida, na mengine ni ya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa. Kule Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, wataalamu walipata mwaka wa 2011 zana zenye umri wa miaka milioni 3.3, na habari zake zikatangazwa mwaka wa 2015. Miongoni mwazo zimo za basalti, jiwe lile lile analolivunja mama yangu! Na kule Olorgesailie, kwenye barabara ya kwenda Magadi, zaidi ya miaka 300,000 iliyopita watu walikuwa wameacha mashoka makubwa na kuanza kutengeneza zana ndogo ndogo, zikiwemo ncha. Obsidiani waliitoa zaidi ya kilomita 25 kutoka hapo. Hebu niambie, ni mjinga gani atakayetembea kilomita 25 kwa ajili ya jiwe?

Hapo nikaamua nami nitachonga ncha, tena ya basalti. Obsidiani huchongeka kwa urahisi na hukata kama wembe, lakini huvunjika upesi. Basalti ni sugu. Ukishaipata makali yake, hudumu.

Nilianza kulitwanga jiwe kwa nguvu zangu zote. Mama aliniangalia kwa muda kisha akacheka. "Mwanangu," akasema, "unalipiga jiwe kana kwamba limekukosea. Jiwe halipigwi kwa hasira. Lisikilize kwanza."

Wengi wetu hatujui jambo hili: mafundi wa zege hawapendi kokoto nyembamba. Wanataka vipande vinene vya mraba mraba. Kwa hivyo kwa miaka mingi mama amekuwa akijifunza namna ya kulivunja jiwe lisitoe vibanzi vyembamba. Na anayejua kuzuia kibanzi, bwana, ndiye anayejua hasa jinsi kinavyotoka! Mwalimu wangu wa kuchonga mawe nilikuwa naye nyumbani siku zote.

Alinifundisha hivi. Kwanza, chagua jiwe lenye chembe ndogo ndogo, lisilo na vitundu vya hewa. Ligonge kidogo. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa sauti nzito kama chungu kilichopasuka, ndani lina ufa, litupe. Pili, usitumie nyundo ya chuma. Tafuta jiwe gumu la mviringo la mtoni, linaloenea kiganjani. Tatu, tandika gunia zito pajani, na uyafunike macho yako, maana vibanzi huruka. Mimi nilivaa miwani ya kuchomelea aliyoniazima mjomba.

Sasa upigaji. Usipige katikati ya jiwe. Piga karibu na ukingo, mahali ambapo pande mbili zinakutana kwa pembe isiyofika digrii 90. Pembe ikizidi hapo, jiwe hukataa. Ukipiga sawasawa juu, kibanzi huchomoka upande wa chini, kimekaa kama kigamba cha samaki, na kina kinundu pale pigo lilipoingia. Jiwe nalo hubaki na kovu. Mgongo ulioko kati ya makovu mawili ndio unaoongoza pigo linalofuata. Ndiyo kusema, kabla ya kupiga pigo la kwanza inakubidi ufikirie la tatu na la nne, kama mchezaji wa bao. Ukingo ukiwa mwembamba mno, usugue kwa jiwe la kukwaruza ili upate nguvu, la sivyo utasagika bure. Mwisho, kwa kupunguza unene, badili nyundo: tumia mfupa mzito au mti mgumu, ambao hautoi pigo kali kama la jiwe.

Ilinichukua Jumamosi saba kupata ncha moja, urefu wake kama kidole cha kati. Haijanyooka sana, lakini ilikata kamba ya katani na ngozi ya mbuzi. Vibanzi vyote nilivifukia shimoni pamoja na kizibo cha soda, ili wataalamu wa siku zijazo wasije wakadhani ni vya kale! Na nyinyi mkienda Kariandusi, msiokote kitu. Mawe yale ni urithi wetu sote.

Ncha hiyo nilimpa mama. Aliigeuza geuza mikononi, akaniuliza, "Na hii walitengeneza watu wa kale?" Nikamwambia, "Ndiyo Mama, na hata wao walipaswa kusikiliza jiwe kwanza." Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Akasema haji shuleni Siku ya Wazazi kwa sababu anaionea haya mikono yake. Anaogopa kumpa mwalimu mkono.

Wenzangu, jambo hilo liliniuma kuliko kicheko cha darasani. Mikono ile ina magamba na makovu, ni kweli. Lakini ina elimu ambayo mimi, na Kidato cha Tatu changu, nimeipata nusu tu. Tunaposoma vitabuni kwamba kuchonga jiwe kulikuwa hatua kubwa ya akili ya binadamu, tunapiga makofi. Tukiiona elimu hiyo kando ya barabara, imejifunga leso na kukaa juani, tunacheka. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Nimemsihi mama aje muhula huu, naye amekubali shingo upande. Atakuwa amevaa leso ya kijani. Kwa hivyo nawaomba, walimu wangu na wanachama wenzangu, mkimwona msimpungie tu kwa mbali. Mpeni mkono.