Bamvua Chini ya Geneva

Tramu namba 18 iliniteremsha kituo cha mwisho, kwenye lango la CERN, maabara ya fizikia ya chembe. Nilitazamia jengo la kutisha. Nikaona ofisi za kawaida na mashamba yanayovuka mpaka na kuingia Ufaransa. Niliyoifuata ilikuwa chini ya mashamba hayo, kina cha mita 100 hivi: mashine ya kugonganisha protoni, ndani ya handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27.

Mashine ikiwa kazini hakuna anayeruhusiwa kushuka. Mwenyeji wetu, mhandisi mama wa makamo, akatusimamisha mbele ya kipande cha sumaku kilichokatwa, tuone mabomba mawili membamba ndani yake. Sumaku za namna hiyo ziko 1,232, zimepozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, nazo hupinda mikondo miwili ya protoni inayokwenda kinyume.

Nikauliza kama protoni zikikutana hugongana zote. Akatikisa kichwa. Protoni husafiri kwa mafungu, kila fungu zaidi ya bilioni 100, lakini mafungu mawili yakipishana, migongano ni makumi tu. Zilizokoswa huzunguka na kurudi, zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Basi kazi kubwa ya wahandisi ni kubana: kabla ya pale mikondo inapokutana, sumaku nyingine huiminya hadi iwe myembamba kuliko unywele. Ukiiminya zaidi, migongano inaongezeka. Niliona uso wake ukichangamka aliposema hivyo, nami nikaelewa kuwa mtu anaweza kuupenda mkondo asioweza kuuona.

Kisha akatusimulia habari za LEP, mashine iliyotangulia katika handaki hilohilo hadi mwaka 2000. Nishati ya mkondo wake ilikuwa ikipanda na kushuka bila sababu ya wazi. Sababu mojawapo ilikuwa treni: umeme ulivuja kutoka relini, ukapita ardhini hadi kwenye bomba la mashine. Nyingine ilikuwa mwezi. Mwezi huvuta ardhi kama uvutavyo bahari, na duara lote hutanuka.

Nikamwambia kwetu Pangani tunaijua nguvu hiyo, tunaiita bamvua. Akaniuliza maji hupanda kiasi gani. Nikainua mkono juu ya kichwa changu. Yeye akanionyesha ncha ya ukucha: kilomita 27 zilitanuka kama milimita moja, na wao waliipima.