Intaneti Darasani: Sayari ni Tisa au Nane?

Tunapenda kuwashirikisha jambo la kipindi chetu cha sayansi, kwani huenda nanyi mnatumia vitabu kama vyetu.

Kitabu tulichorithi kwa kaka na dada zetu kinasema sayari ziko tisa, ya mwisho Pluto. Tumekariri tisa tangu wadogo. Siku ustadhi alipounganisha kompyuta pekee ya darasa na intaneti ya simu yake, tukakuta nane. Wengine wakacheka kwamba mtandao unasema uongo, wengine wakasema kitabu ndicho kimekosea.

Ustadhi hakutuambia nani mkweli. Alituagiza tutafute nani kasema, lini, na kwa sababu gani. Hapo kazi ikaanza, maana bando lilikuwa dogo na kila ukurasa ulifunguka kwa kusuasua. Tukajua kwamba Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh wa Marekani. Mwaka 2005 ikagunduliwa Eris, iliyodhaniwa kuwa kubwa kuliko Pluto (chombo cha New Horizons kilipopita huko mwaka 2015 ikaonekana Pluto ndiyo kubwa kidogo). Basi ama sayari ziongezeke, ama Pluto itoke. Agosti 2006 wanafalaki wa kimataifa walikutana mjini Prague wakapiga kura: sayari ilizunguke Jua, iwe ya duara kwa nguvu yake ya mvutano, na iwe imesafisha njia yake. Pluto ilikwama kwenye sharti la tatu, ikaitwa sayari kibete. Kumbe kitabu chetu kilichapishwa kabla ya kura! Na wapo wanasayansi ambao hadi leo hawaikubali kura ile, jambo ambalo hatukulitarajia kwa watu wa darubini.

Lililotutia hofu ni mtihani. Msahihishaji akishika kitabu cha zamani, si tutakosa alama? Tulibishana hadi kengele. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuandike "nane, tangu 2006", na ustadhi akakubali. Tumeiandika hivyo kwa penseli pembeni mwa ukurasa ule, ili wadogo zetu watakaokirithi kitabu wasianze ugomvi upya.

Kipindi kijacho ni urefu wa Mlima Kilimanjaro. Kitabu kinasema mita 5,895, na tayari tumekuta kipimo cha mwaka 1999 kinachosema 5,892.