Damu na Huzuni

Maji ya mfongo yateremkayo Kilimanjaro hadi migombani huwa na habari ndani yake. Yakipungua au yakichafuka, mkulima hutambua kuwa liko jambo huko juu. Lakini ni jambo gani, hana budi kupanda akaone. Damu ya mwanadamu ni mfano wa mfongo huo.

Mwaka 2012 Eva Redei, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, pamoja na wenzake, walilinganisha damu ya vijana 14 wenye sonona na 14 wasio nayo, wa umri wa miaka 15 hadi 19. Katika alama 26 za utendaji wa jeni walizozichunguza, 11 zilitofautisha makundi hayo mawili. Ilikuwa habari ya tumaini. Walakini vijana 28 ni tone katika bahari.

Mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, kijana aishiye na virusi vya Ukimwi hutolewa damu, nayo ikaeleza wingi wa virusi. Juu ya simanzi yake, damu hiyo hunyamaza. Kwa hiyo mpango wa Sauti ya Vijana ulipoanzishwa huko, sonona ilipimwa kwa maswali tisa, na tiba ikawa mazungumzo katika vikundi vilivyoongozwa na vijana waliofunzwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini nani atafichua asipoulizwa? Sindano hutoa damu mkononi. Neno la moyoni hutolewa na sikio lenye subira.