Si kila uchovu wa mama ni ndoo za maji

Asikwambie mtu, mwanaume akishika kifua nyumba nzima inasimama. Bajaji inaitwa, majirani wanachangishana. Mama akisema amechoka, anaambiwa apumzike, halafu anaulizwa chakula kimeiva?

Shangazi yangu ni mpika vitumbua. Siku moja alianza kutoka jasho jembamba, kichefuchefu, taya na mgongo vinauma. Kila mtu akawa daktari. Huyu vidonda vya tumbo, yule uchovu tu. Akapewa chai ya tangawizi. Alipofikishwa hospitali kesho yake ikajulikana ni mshtuko wa moyo.

Wataalamu wanasema mshipa unaolisha moyo ukiziba, nyama ya moyo inaanza kufa. Ukichelewa, inakufa nyingi zaidi. Ile inayobaki inabeba mzigo peke yake, ikizidiwa moyo unashindwa kusukuma damu sawasawa. Maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Leo shangazi analalia mito mitatu ili apumue, na miguu ikivimba kanga haimfichi.

Wala si yeye peke yake. Utafiti wa jimbo la Alberta, Kanada, uliotolewa mwaka 2020, uliangalia wagonjwa zaidi ya 45,000 waliopata mshtuko kwa mara ya kwanza kati ya 2002 na 2016. Wanawake walikuwa kama watatu katika kila kumi. Lakini kwa waliopata mshtuko mkali, hatari ya moyo kushindwa kazi au kufariki ndani ya miaka mitano ilikuwa kubwa kwa wanawake kwa asilimia 20.

Kweli, wanawake hao walikuwa wamewazidi wanaume umri kwa kama miaka kumi, na wengi walikuwa na presha na kisukari. Ila pia walionwa na daktari bingwa wa moyo mara chache kuliko wanaume. Hapo sasa!

Akina baba msinichukie. Maumivu ya kifua huwapata hata wanawake, ila kwetu mara nyingi yanakuja na wenzake: pumzi kukatika, kichefuchefu, mgongo, taya, uchovu usio na sababu. Mama akiyasema hayo ghafla, msimbishie. Mkimbizeni hospitali saa ileile. Na akisharudi nyumbani, dawa asiache, kliniki asikose, na akivimba miguu au akishindwa kulala chali arudishwe haraka.

Vitumbua vitapikwa kesho. Mpishi je?